Dakika Nzima Kando ya Kitanda: Kupima na Kusoma Viashiria vya Uhai vya Mgonjwa

Ukitaka kujua haraka kama vipimo vya wodi fulani vinachukuliwa kweli au vinajazwa tu, usianze na presha wala joto. Fungua chati uangalie safu ya upumuaji. Mahali ambapo mzee mwenye homa ya mapafu, kijana aliyevunjika mguu na mama aliyejifungua jana wote wameandikiwa pumzi 20 kwa dakika, asubuhi, mchana na usiku, hapakuwa na mtu aliyehesabu. Jambo hili lipo katika wodi nyingi, kubwa kwa ndogo, na linasikitisha kwa sababu kipimo hicho kinachorukwa ndicho ambacho mara nyingi hubadilika mapema kuliko vingine mgonjwa anapoanza kuzidiwa, na hakihitaji kifaa chochote zaidi ya saa.

Mwongozo huu unawahusu wauguzi na wanafunzi wa uuguzi wanaofanya kazi katika mazingira kama ya Mkoa wa Kigoma, ambako muuguzi mmoja wa zamu ya usiku anaweza kuwa na wagonjwa wengi na mashine moja ya presha inayozunguka wodi mbili. Viashiria vinavyozungumziwa ni upumuaji, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto la mwili na kiwango cha oksijeni katika damu, pamoja na hali ya ufahamu, ambayo kwa maoni yangu haipaswi kuachwa nje ya orodha hiyo. Nimeanza na upumuaji kwa makusudi, ingawa vitabu vingi huanza na joto.

Kabla ya kushika kifaa

Mgonjwa aliyeshuka kwenye boti pale Kibirizi akitokea vijiji vya kaskazini mwa ziwa, kisha akapakiwa kwenye bodaboda hadi kituoni, bado ana mapigo na presha ya safari. Ikiwa hali yake si ya dharura, aketi na kupumzika kwa dakika 5 au zaidi kabla ya kupimwa. Ikiwa anaonekana mahututi, usisubiri hata kidogo: pima mara moja, anza huduma, kisha urudie vipimo baada ya muda mfupi.

Nawa mikono, safisha stetoskopu (kifaa cha kusikilizia kifua) na kipimajoto kwa spiriti, halafu umsalimie mgonjwa kama inavyostahili umri wake. “Shikamoo mzee, naomba nikupime presha na homa” ni sentensi fupi, lakini jibu lake ni kipimo tayari. Mtu anayelazimika kuvuta pumzi katikati ya “marahaba mwanangu” ana shida ya kupumua kabla hujatazama saa, na mkono wake unapoushika utakueleza kama ni wa moto, wa baridi, mkavu au umelowa jasho. Kwa mzee asiyezungumza ila Kiha, na wewe hukijui, mwombe ndugu aliyemsindikiza afasiri, kwa kuwa mgonjwa asiyeelewa kinachofanyika huingiwa na hofu, na hofu hupandisha mapigo na presha.

Upumuaji

Mgonjwa akijua kwamba unahesabu pumzi zake, atabadilisha namna anavyopumua bila hata kukusudia. Kwa hiyo shika kifundo cha mkono wake kama unayepima mapigo, ulegeze mkono huo juu ya kifua au tumbo lake, kisha hesabu kifua kinavyopanda na kushuka. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 60 kamili. Wanaohesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 wanasahau kwamba kukosea pumzi moja tu kunaleta tofauti ya pumzi 4 katika jibu, na tofauti hiyo inatosha kumtoa mgonjwa katika kundi la walio salama na kumwingiza katika kundi la kuangaliwa kwa karibu, au kinyume chake.

Kwa mtu mzima aliyetulia, pumzi 12 hadi 20 kwa dakika ni za kawaida. Zikifika 25 au zaidi, au zikishuka hadi 8 au chini ya hapo, daktari aitwe hata kama vipimo vingine vyote vinaonekana vizuri. Kwa watoto, mipaka inayotumika kutambua kupumua kwa haraka ni 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Mtoto lazima awe ametulia. Mwache mapajani mwa mama yake, umwombe mama apandishe fulana ili uone kifua na tumbo, na kama amelala usimwamshe. Weka kengele ya dakika moja kwenye simu, ili macho yako yasihangaike kati ya saa na kifua. Kichanga wa chini ya miezi 2 akifikisha 60, hesabu mara ya pili, kwa kuwa upumuaji wa vichanga hauna mpangilio sawa.

Pamoja na idadi, angalia jinsi anavyopumua. Kifua cha chini kinachoingia ndani mtoto anapovuta hewa, pua zinazotanuka, mlio wa kukoroma mwishoni mwa kila pumzi na misuli ya shingo inayokazana ni dalili za mtu anayetumia nguvu nyingi kupata hewa. Hata hivyo, si kila anayepumua haraka ana ugonjwa wa mapafu. Asidi inapoongezeka katika damu, kama inavyotokea katika malaria kali, katika kisukari kilichoharibika au maambukizi yanapoenea mwilini, ubongo huamuru mapafu kutoa kabonidayoksaidi zaidi ili kupunguza asidi hiyo. Utamwona mgonjwa akipumua haraka na kwa kina, ilhali ukisikiliza kwa stetoskopu mapafu yake ni safi. Hali hiyo isikutulize.

Upumuaji wa polepole nao una hatari yake, hasa kwa mgonjwa aliyepewa dawa kali za maumivu kama mofini au pethidini. Kuna mahali ambapo namba ya kubuni inaweza kuua moja kwa moja, napo ni katika kumhudumia mama mwenye kifafa cha mimba aliye kwenye dawa ya magnesiamu salfeti. Kabla ya kumpa dozi inayofuata ni lazima awe anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti liruke linapogongwa, na mkojo uwe umetoka angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Muuguzi anayeandika 20 bila kuhesabu anaidhinisha dozi kwa mama ambaye huenda misuli yake ya kupumua imeanza kulegea. Kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo dawa ya kuondoa sumu yake ikizidi, iwe karibu muda wote mama anapopewa dawa hiyo.

Mapigo ya moyo

Weka vidole viwili au vitatu vya kati juu ya ateri ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chako, kwa kuwa kina mapigo yake yanayoweza kukuchanganya. Mapigo yakiwa na mpangilio sawa, sekunde 30 mara 2 zinatosha. Yakiwa yanarukaruka, hesabu dakika nzima, kisha usikilize kwa stetoskopu kwenye ncha ya moyo, chini kidogo ya chuchu ya kushoto. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake haupigi kwa mpangilio, baadhi ya mapigo hayafiki mkononi, hivyo idadi ya kifuani huwa kubwa kuliko ya mkononi, na tofauti hiyo iandikwe. Kwa mtoto mchanga tafuta ateri ya mkono wa juu, upande wa ndani. Ateri ya shingo hutumika katika dharura, upande mmoja tu kwa wakati mmoja.

Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, ingawa mvuvi kijana anayevuta nyavu kila usiku anaweza kuwa na 52 akiwa mzima wa afya. Kichanga huwa na 120 hadi 160 bila tatizo lolote. Joto likipanda kwa nyuzi 1, tarajia mapigo yaongezeke kwa takriban 10. Yakiwa juu kupita kiasi hicho, tafuta sababu nyingine, kama vile kupoteza damu au maji. Yakiwa chini kuliko joto linavyotaka, kumbuka homa ya matumbo, na pia uliza kama mgonjwa anatumia propranololi, dawa ya presha na moyo, au nyingine ya jamii hiyo, kwa sababu dawa hizo huzuia moyo kuongeza kasi hata pale mwili unapohitaji.

Nguvu ya mapigo ni habari ambayo mashine haikupi. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka miongoni mwa wakimbizi wa Burundi waliokusanyika Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na mwambao huo umekuwa ukipata ugonjwa huo tena na tena. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, mapigo membamba yasiyokamatika kifundoni, mikono ya baridi na macho yaliyodidimia vinatosha kuanza dripu. Anayekwenda kwanza kutafuta mashine ya presha wodi ya jirani anapoteza dakika ambazo mgonjwa hana.

Shinikizo la damu

Kipimo hiki ndicho chenye makosa mengi, na makosa yake mengi yanatokana na mpimaji wala si mashine. Mkanda wa kupima presha kwenye mkono wa juu ulibuniwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896, na mwaka 1905 daktari wa upasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkoff, alieleza jinsi ya kusikiliza sauti za ateri chini ya mkanda huo. Njia hiyo bado ndiyo tunayoitumia tukipima kwa stetoskopu.

Mgonjwa asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa katika dakika 30 zilizopita, na awe amekwenda haja ndogo. Aketi akiegemea, nyayo zikiwa sakafuni, miguu isipishane, na mkono ulazwe juu ya meza usawa wa moyo. Mkono usishikiliwe na mgonjwa mwenyewe hewani, kwa kuwa misuli inayokaza hupandisha presha. Ukiuacha uning’inie, kila sentimita 10 chini ya usawa wa moyo huongeza karibu milimita 8 za zebaki zisizokuwepo. Wewe na mgonjwa msizungumze wakati wa kupima. Hili la mwisho ni gumu kwa watu wa kwetu, ambao hawaoni adabu kukaa kimya na mtu, basi mweleze mapema kwamba mtaendelea na maongezi baada ya kumaliza.

Mkono uwe mtupu. Gauni la kitenge lenye mikono ya kubana likikunjwa hadi begani huubana mkono na kuharibu kipimo. Ni heri mama atoe mkono nje ya nguo ukiwa umevuta pazia. Ukubwa wa mkanda nao una maana kubwa: mfuko wa hewa ulio ndani yake uzunguke takriban asilimia 80 ya mkono, na upana wake uwe karibu asilimia 40 ya mzunguko huo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha kubwa ya uongo, na mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hutoa presha ndogo ya uongo. Wapo akina mama waliokwisha kuanzishiwa vidonge vya presha kwa sababu tu kituo kina mkanda wa saizi moja.

Funga mkanda sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko. Kwanza pampu huku umeshika mapigo ya kifundo, uone yanapotea kwenye namba ipi. Toa hewa yote, subiri kidogo, kisha weka stetoskopu juu ya ateri ya kiwiko, pampu hadi milimita 30 juu ya namba ile, na uachie hewa taratibu, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Sauti ya kwanza ya kugonga inayojirudia ndiyo presha ya juu, na pale sauti zinapotoweka kabisa ndipo presha ya chini. Hatua ya kutafuta mapigo kwanza hurukwa na wengi, lakini baadhi ya wagonjwa wenye presha kubwa wana kipindi cha ukimya katikati ya sauti; asiyeifanya anaweza kuanzia ndani ya ukimya huo na kuandika 150 kwa mtu mwenye 190. Andika namba uliyoisikia, ikaribiane na milimita 2, wala usiikusanye kwenye sifuri. Chati ambayo kila presha ni 120/80, 130/80 au 110/70 inasema zaidi kuhusu mpimaji kuliko wagonjwa.

Kwa mgonjwa mpya pima mikono yote miwili, kisha baadaye utumie ule wenye namba kubwa. Usipime kwenye mkono wenye dripu inayoendelea wala ule wa upande ambao titi liliondolewa pamoja na tezi za kwapa. Mashine za umeme zinafaa, ila zinakosea kwa mgonjwa ambaye moyo wake unarukaruka na kwa yule ambaye presha yake imeshuka sana. Ikikupa namba usiyoielewa, au ikijaza hewa mara tatu bila jibu, rudi kwenye stetoskopu, na wala usikubali maelezo kwamba betri ndiyo mbovu kabla hujamwangalia mgonjwa.

Presha ya 140/90 au zaidi, ikipatikana kwa vipimo vilivyorudiwa siku tofauti, ndiyo huitwa ugonjwa wa presha ya kupanda. Kipimo kimoja cha mtu mwenye maumivu au hofu hakitoshi. Kwa mjamzito mambo ni tofauti. Akiwa amepita wiki 20, 140/90 hurudiwa baada ya saa chache na mkojo hupimwa protini siku hiyo hiyo, na presha ya juu ikifika 160 au ya chini ikifika 110, hiyo ni dharura. Asipimwe akiwa amelala chali, kwa kuwa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo na presha huonekana ndogo kuliko ilivyo. Aketi, au alale ubavu wa kushoto. Mzee anayelalamika kizunguzungu apimwe akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, umepata sababu.

Joto

Kwapani, 37.5 au zaidi huhesabiwa kuwa homa, na mdomoni joto husoma juu kidogo, karibu nusu nyuzi. Futa jasho la kwapa, weka ncha ya kipimajoto katikati, kisha ubane mkono kifuani hadi kilie. Vipimajoto vya zebaki vimekuwa vikiondolewa, kwa kuwa Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kuvitengeneza, kuviuza nje na kuviingiza katika nchi wanachama. Kama kipo bado, kikung’utwe hadi chini ya 35 na kikae kwapani dakika 5. Vile vya kuelekeza kwenye paji la uso, vilivyoenea wakati wa UVIKO-19, hudanganywa na jasho na jua, hivyo visitumiwe peke yake kuamua matibabu.

Katika mkoa wenye malaria nyingi kama Kigoma, joto la kawaida saa ya kupimwa haliondoi malaria, kwa kuwa homa hiyo hupanda na kushuka, na wagonjwa wengi hufika wakiwa wamekwisha kumeza Panadol. Uliza alimeza saa ngapi na uandike kando ya namba. Joto la chini huogopesha zaidi kuliko la juu kwa vichanga na wazee: kichanga aliye chini ya 36.5 awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na achunguzwe maambukizi.

Oksijeni na ufahamu

Oksimita ya kidole, kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni na kupima oksijeni kwa mwanga, husoma vizuri kidole kikiwa na joto, kimetulia na hakina rangi. Hina ya bibi harusi wa Ujiji na rangi ya kucha vyote huweza kuzuia mwanga wake. Tumia kidole kingine, cha mguu au ndewe ya sikio. Usiamini namba kabla mapigo yanayoonyeshwa na oksimita hayajalingana na yale uliyoyahesabu kwa mkono. Kiwango cha 95 hadi 100 ni cha kawaida, na mtoto aliye chini ya 90 apewe oksijeni bila kuchelewa. Mji wa Kigoma uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hata nyanda za Kasulu na Buhigwe, ambazo ziko juu zaidi, hazina urefu wa kumshusha mtu mwenye afya chini ya 90, hivyo mwinuko usiwe kisingizio.

Oksimita ina udanganyifu wa aina mbili ambao muuguzi wa huku hana budi kuujua. Aliyelala katika chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa anaweza kusoma 98 huku damu yake imejaa hewa ya sumu ya moshi, kwa kuwa kifaa hakitofautishi hewa hiyo na oksijeni. Pia utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho hukosa kutambua upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ukiona 92 au 93 kwa mgonjwa anayepumua kwa shida, ichukulie kwa uzito kuliko namba yenyewe inavyoonyesha.

Ufahamu hupimwa kwa ngazi 4: yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu, au haitikii kabisa. Mkanganyiko mpya, kama vile bibi aliyekuwa akitania wauguzi jana na leo hajui yuko wapi, una uzito sawa na presha iliyoshuka, na kwa mgonjwa wa namna hiyo pima sukari papo hapo.

Kusoma namba kwa pamoja

Namba moja ikiwa peke yake husema machache. Chukua mfano wa mama aliyejifungua salama. Nusu saa baada ya kondo kutoka, mapigo ni 92 na presha 118/74. Robo saa baadaye mapigo ni 104 na presha 112/78. Robo saa nyingine, mapigo 118 na presha 104/82. Presha ya juu bado ni zaidi ya 100 na muuguzi mwenye haraka ataandika kwamba mama anaendelea vizuri. Lakini tazama: mapigo yanapanda, presha ya juu inashuka, ya chini inapanda, na tofauti kati ya hizo mbili imepungua kutoka 44 hadi 34, kisha 22. Mishipa inajibana ili kuficha damu inayopotea. Gawanya mapigo kwa presha ya juu: 92 kwa 118 ni karibu 0.8, 104 kwa 112 ni zaidi ya 0.9, na 118 kwa 104 ni zaidi ya 1.1. Kwa mama aliyejifungua, kufika 0.9 kunatosha kuita msaada, kuangalia pedi na shuka chini ya mgongo, kushika mfuko wa uzazi kama umelegea, kuusugua, na kuandaa dripu na oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi. Presha ikija kuanguka waziwazi, damu nyingi imekwisha kupotea. Ndiyo maana katika saa 2 za mwanzo hufundishwa kupima kila dakika 15, jambo ambalo wodi yenye uzazi mwingi huliona kama usumbufu.

Mfano wa pili ni mtoto wa miaka 2 aliyeletwa kwa boti kutoka kijiji cha mwambao wa Uvinza: joto 38.6, mapigo 168, pumzi 56, oksijeni 97. Atakayeona pumzi peke yake atasema homa ya mapafu, na atakayeona oksijeni peke yake atasema mtoto ana nafuu. Funua viganja vyake: ni vyeupe. Oksimita inaonyesha ni asilimia ngapi ya hemoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, imebeba oksijeni, haionyeshi hemoglobini yenyewe ni kiasi gani. Damu ikiwa chache kupita kiasi, yote inaweza kuwa imejaa oksijeni na bado isitoshe mwili, ndipo moyo na mapafu vinakimbia kufidia. Mtoto huyu anahitaji kipimo cha malaria, wingi wa damu na sukari ndani ya dakika chache, na huenda akahitaji kuongezewa damu usiku huo huo.

Akiongezewa, chukua vipimo vyote kabla chupa haijafunguliwa, kaa naye dakika 15 za mwanzo, kisha pima tena. Joto likipanda kwa nyuzi 1 au zaidi kutoka lilipoanzia, au akianza kutetemeka au kuhema zaidi, funga damu kwanza, acha mshipa wazi kwa maji ya chumvi kupitia mpira mpya, kisha umwite daktari. Bila kipimo cha mwanzo hutajua kama 39 ni ya malaria yake au ya damu.

Kwa watu wazima wasio wajawazito, mfumo wa alama uliotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza mwaka 2012 na kuboreshwa mwaka 2017 husaidia kuunganisha namba hizi. Kila kipimo hupewa alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 5 mgonjwa aonwe haraka, ikifika 7 ni dharura, na alama 3 katika kipimo kimoja tu inatosha kumwita daktari. Alama hizi humpa muuguzi mdogo hoja ya kumwamsha daktari saa tisa ya usiku bila kuonekana mwoga, na kwangu faida hiyo ni kubwa kuliko hesabu yenyewe.

Kuandika na kutoa taarifa

Andika hapo hapo kitandani, pamoja na saa. Tumia saa za tarakimu 24, kwa sababu “saa 2” kwenye faili yaweza kuwa asubuhi au usiku, na kwa anayesoma saa ya ukutani yaweza hata kuwa saa nane. Kando ya oksijeni andika kama mgonjwa alikuwa anapumua hewa ya kawaida au alikuwa kwenye mashine, na lita ngapi. Kando ya presha, mkono upi na mkao upi.

Ukimpigia simu daktari wa zamu, usiseme “dokta, mgonjwa wa kitanda cha nne amebadilika.” Sema ni nani, amelazwa kwa nini, vipimo vilikuwaje saa moja iliyopita na sasa vikoje, umefanya nini tayari, na unaomba nini: “Naomba uje umwone sasa” ni ombi halali. Andika muda uliopiga na jibu ulilopewa, kisha panga saa ya kupima tena, ukiitaja kwa jina la mgonjwa wakati wa makabidhiano ya zamu. Kipimo ambacho hakikuchukuliwa kwa kuwa mashine iko wodi nyingine kiandikwe “hakikupimwa” pamoja na sababu, na nafasi yake isijazwe kwa namba ya jana.